«Basoda bakipunguka, si njo amani?»

Likizo iliyopita niliombwa kusaidia kutafsiri katika kituo kimoja cha afya hapa Bukavu. Watafiti walikuwa wanakusanya damu ya watu wanaoishi na virusi vya SIDA, ili kuhesabu chembe zao za CD4 na kuangalia chembe nyingine za kinga. Karatasi ya ridhaa ilikuwa ya Kifaransa. Kazi yangu ilikuwa kuisoma kwa Kiswahili mbele ya kila mgonjwa. Akikubali, anatia sahihi au kidole. Nilikwenda kichwa juu. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, somo la tafsiri nililipita vizuri, na kwenye begi nilikuwa na kamusi mbili.

Mgonjwa wa tatu alikuwa mama wa makamo, muuza makala. Nilipofika kwenye sentensi inayoeleza kipimo chenyewe, nikamsomea hivi: «Damu yako itatiwa kingamwili zenye alama inayong'aa.» Mama akatazama mikono yake, akaigeuza. «Mutanitia alama wapi, mutoto wangu? Bantu bataiona?»

Nilibabaika. Muuguzi, kwa nia njema, akaniokoa kwa mfano ambao sote tumeusikia redioni: «Mama, CD4 ni basoda ba mwili. Tunataka kujua kama bamepunguka.» Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Basoda bakipunguka, si njo amani?»

Watu chumbani wakacheka. Yeye hakucheka. Alisubiri jibu, na sisi hatukuwa nalo. Mwishowe akachukua mfuko wake akaenda. Dawa zake aliendelea kuzipata, maana hazikutegemea utafiti ule. Lakini hesabu ya CD4 ambayo angeipata siku ile bila kulipa, hakuipata. Na aliyeikosesha si mtaalamu wa maabara. Ni mimi, na maneno niliyofundishwa kuyaamini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo nataka kulileta mbele ya kitivo chetu. Tunapotunga au kuchagua neno la Kiswahili kwa jambo la sayansi, tunalipima wapi? Kwa desturi tunalipima kwenye kamusi: je, lipo, limeundwa kwa kanuni, linapendeza sikioni? Mimi nasema neno lipimwe kama wanavyopima zile kingamwili zenyewe: linashika nini linapofika kwa mtu, na je, linashika hicho peke yake?

Ili nieleweke, lazima kwanza nieleze kinachofanyika maabarani, maana siku ile nilitafsiri kitu ambacho sikukijua.

Damu inachukuliwa mkononi, basi. Hakuna kinachorudi mwilini. Katika tone la damu kuna chembe nyingi za aina mbalimbali, na chini ya darubini ya kawaida chembe za kinga zinafanana sana. Lakini kila aina inabeba juu ya ngozi yake protini fulani, kama mtu anavyobeba lafudhi ya kwao. Kingamwili ni protini yenye umbo la herufi Y, na ncha zake zinashika kitu kimoja tu, jinsi ufunguo unavyokubali kufuli yake. Wataalamu wanachukua kingamwili inayoshika protini ya CD4, wanaifunga kwa rangi maalumu, wanaimimina ndani ya chupa ya damu, wanangoja. Kila chembe yenye CD4 inajikuta imebeba rangi. Zisizo nayo zinabaki tupu.

Rangi hiyo si ya kawaida. Ukiipiga kwa mwanga wa buluu, inatoa mwanga wa kijani. Moja ya rangi zinazotumika sana, iliyotokana na fluoreseini, inapokea mwanga wa buluu wa nanometa 488 hivi na kutoa kijani cha nanometa 520 hivi. Mashine inapitisha chembe moja moja, kwa mstari, mbele ya mwali wa leza. Kila inayojibu kwa kijani inahesabiwa. Maelfu yanapita kwa sekunde.

Sisi wanafunzi wa lugha tunakijua kitu hiki kuliko tunavyodhani. Ile kalamu ya fluo tunayopigia mistari kwenye fotokopi ina rangi ya jamii hiyo hiyo. Sasa fikiri kalamu ya fluo ambayo, ukiimimina juu ya kitabu kizima, inapaka neno moja tu, kila mahali neno hilo lilipo, na kuacha mengine yote. Unabaki kuhesabu. Hicho ndicho kingamwili yenye rangi. Na wabadilisha fedha wenye ile taa ndogo ya zambarau wanakijua pia: uzi ulio ndani ya noti halali ya dola 100 unajibu kwa waridi. Taa inauliza kwa mwanga mmoja, noti inajibu kwa mwanga mwingine.

Kuna jambo lililo karibu nasi zaidi. Jina la mwanga huu lilitungwa na George Gabriel Stokes, mwanafizikia wa Cambridge, mwaka 1852. Alichukua maji yenye kwinini, akayapitisha ndani ya miale ya jua iliyotawanywa, akavuka zambarau hadi mahali ambapo jicho halioni kitu. Hapo gizani maji ya kwinini yakawaka buluu. Kwinini ile ile ambayo magome ya mti wake yanavunwa katika mashamba ya kinkina huku Kivu na kusindikwa hapa mjini kwetu na Pharmakina. Mwalimu yeyote wa shule ya sekondari mwenye taa ya kukagua noti na dawa ya kwinini anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake alichokiona Stokes.

Nalitaja hili kwa sababu ya namna alivyopata jina. Mwanzoni alitumia maneno marefu yaliyofungamana na fikra kwamba huu ni mwanga unaorudishwa kama kwenye kioo. Baadaye, katika tanbihi tu, akapendekeza neno jipya kutoka jina la jiwe, fluori, kwa kuwa jiwe hilo linaonyesha jambo lenyewe. Aliacha neno lililobeba maelezo yasiyo sahihi, akachukua neno lisilodai kitu ambacho hakijathibitishwa. Ndipo tukapata fluoresensi. Somo la istilahi lililo bora kuliko hilo silijui, na limetolewa na mtu wa fizikia.

Wengine wakajenga juu yake. Mwaka 1941, huko Harvard, Albert Coons na wenzake walitoa habari kwamba wameweza kufunga rangi ya aina hii kwenye kingamwili bila kuiharibu; mwaka uliofuata waliitumia kuonyesha mahali ambapo mabaki ya pneumokoki yapo ndani ya nyama za mwili. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein wakapata njia ya kuzalisha kingamwili za aina moja tu, zote sawa, kutokana na chembe za panya zilizounganishwa na chembe za saratani. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1984 pamoja na Niels Jerne. Na Leonard Herzenberg na kundi lake huko Stanford, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakakamilisha mashine inayosoma mwanga wa kila chembe na kuzitenga kulingana na jibu lake.

Nchi yetu imo ndani ya historia hii. Oktoba 1983 timu ya madaktari wa Ubelgiji, Marekani na Zaire ilifanya kazi katika hospitali za Kinshasa. Kipimo cha virusi vya SIDA kilikuwa bado. Kilianza kuuzwa mwaka 1985. Daktari angejuaje kwamba ugonjwa anaouona ni ule unaosemwa Marekani? Pamoja na dalili za mgonjwa, waliangalia uwiano wa chembe zilizoitwa wakati huo T4 na T8, zikitambuliwa kwa kingamwili. Katika wiki tatu walitambua wagonjwa 38, wanaume na wanawake karibu sawa kwa idadi. Taarifa yao ilitoka mwaka 1984 katika jarida la Lancet, na ilisaidia kuvunja dhana kwamba huu ni ugonjwa wa wanaume wa aina fulani tu. Kwa hiyo chembe za Wakongo zimesaidia ulimwengu kuelewa. Lugha za Wakongo ndizo zilizoachwa mlangoni.

Angalieni pia kwamba mwaka ule chembe ziliitwa T4, leo zinaitwa CD4. Kwa nini? Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapaswa kukaa wima.

Baada ya mwaka 1975 kila maabara ilizalisha kingamwili zake na kuzipa majina yake. Protini moja ile ile iliitwa T4 na hawa, Leu-3 na wale. Watu waliandika makala kuhusu kitu kimoja bila kujua, na wengine walidhani wanazungumzia kitu kimoja kumbe ni viwili. Sisi tunaojua vurugu ya istilahi za Kiswahili kati ya Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi tunaweza kutabasamu. Lakini wao walifanya jambo ambalo sisi hatujafanya. Mwaka 1982 walikutana Paris katika warsha ya kimataifa. Hawakujadili jina lipi ni zuri. Walileta kingamwili zao, wakazigawa kwa maabara mbalimbali bila kufichua asili yake, wakaangalia zipi zinashika chembe zile zile. Zilizoshika sawa zikawekwa kundi moja, kundi likapewa namba. Herufi CD zilianzia hapo. Na kanuni ikawa kwamba protini haipati namba kamili mpaka kingamwili mbili zilizotengenezwa mbalimbali zithibitishe kuishika. Ikiwa bado kuna shaka, namba ilipewa herufi ndogo w, yaani: bado iko warshani. Leo orodha imepita 370.

Basi tuyachukue maneno matatu niliyoyatumia siku ile tuyapitishe katika warsha ya namna hiyo.

La kwanza, kingamwili. Ni neno la kamusi, limeundwa kwa ustadi, na makala hii yenyewe inalitumia kwa kuwa nyinyi wasomaji mnalijua. Lakini linashika nini kwa msikilizaji wa kawaida? Anasikia «kinga» na «mwili», anafikiri kinga ya mwili, yaani uwezo wote wa kujikinga. Hata vitabu vinachanganya: mahali pengine kingamwili ni ile protini ya umbo la Y, mahali pengine ni mfumo mzima. Na jirani yake ni upungufu wa kinga mwilini, maneno yaliyozaa UKIMWI wa wenzetu wa Tanzania na Kenya. Ukimwambia mgonjwa kwamba damu yake itatiwa kingamwili, ana haki kabisa ya kuelewa kwamba anapewa dawa ya kumrudishia kinga. Zaidi ya mmoja aliniuliza siku ile kama atapona. Maabarani kingamwili hii haikingi mtu yeyote. Imetengenezwa mbali, imeletwa kwenye chupa ya baridi, kazi yake ni kutafuta na kushika. Neno letu linashika vitu vitatu kwa pamoja. Katika maabara, kingamwili ya namna hiyo inatupwa.

La pili, alama inayong'aa. Alama kwetu ni kitu kinachobaki juu ya mtu: chale, kovu, wino wa kidole siku ya uchaguzi. Kwa mgonjwa wa SIDA, ambaye maisha yake yote yamekuwa jitihada ya kutotambulika barabarani, hakuna neno baya kuliko hilo. Na kung'aa? Bati jipya linang'aa, viatu vilivyopigwa rangi vinang'aa. Vyote vinarudisha mwanga ule ule ulioletwa. Nyota inameta. Kimulimuli anawaka mwenyewe bila kuulizwa. Jambo la Stokes haliko katika haya. Ni mwanga unaotolewa kwa kujibu mwanga mwingine, na jibu lina rangi tofauti na swali. Mimi kwa sasa nasema «mwanga wa kujibu». Sisemi ni neno la mwisho. Liandikiwe herufi w ndogo, libaki warshani mpaka wengine walipime.

La tatu ni askari, na hapa naomba nivumiliwe nikisema mengi zaidi.

Mfano wa askari umefanya kazi kubwa. Miaka mingi wahamasishaji waliutumia, na watu wengi walielewa kupitia huo kwamba virusi vinaharibu ulinzi wa mwili. Siudharau. Lakini mfano unategemea picha iliyo tayari kichwani mwa msikilizaji. Mwandishi wa kitabu cha afya katika nchi tulivu anapoandika askari, anaona mtu aliyesimama mlangoni ili watoto walale. Mama yule, kwa umri wake, ameishi miaka yote ya vita vya Kivu. Neno basoda linamletea picha yake mwenyewe, na sisi sote tuliozaliwa huku hatuhitaji kuielezwa. Swali lake halikuwa la mjinga. Lilikuwa swali la mtu aliyesikiliza vizuri na kufikiri kwa usahihi kutokana na neno alilopewa. Aliyekosea ni aliyechagua neno.

Tena mfano wenyewe si sahihi hata kwa sayansi. Chembe T zenye CD4 kwa kawaida si zenyewe zinazoua mdudu. Kazi yake kubwa ni kuita: zinatoa ishara zinazoamsha chembe nyingine, zile zinazoua na zile zinazotengeneza kingamwili. Ndiyo maana virusi vinapozimaliza mwili unaanguka wote, ingawa chembe nyingine zipo. Wapo wa kupigana, hayupo wa kuwaamsha.

Na picha ya jambo hilo tunayo mitaani kwetu. Wezi wanapoingia usiku, nani anaanza? Ni yule anayechukua sufuria na kijiko na kupiga. Jirani anasikia, naye anapiga, filimbi zinalia, mtaa mzima unaamka. Mpiga sufuria si mwenye nguvu kuliko wote. Mara nyingi ni mama au mtoto. Lakini asipokuwepo, wanaume wote wa mtaa wanalala huku nyumba zikimalizwa moja moja. CD4 ni wapiga sufuria. Wakishuka chini ya 200 katika milimita moja ya ujazo ya damu, magonjwa yanaingia bila mtu kuamka.

Nilirudi kituoni wiki iliyofuata na maelezo hayo. Sikutumia kingamwili, wala alama, wala basoda. Nilisema: «Damu inayotoka haitarudi kwako. Labo watatia ndani ya chupa kitu kinachotafuta wapiga sufuria tu na kuwashika. Kile kitu kina rangi, wakikimulika kinajibu. Watahesabu waliojibu. Halafu watakuambia wamebaki wangapi.» Mzee mmoja alinikatiza: «Na kama kile kitu kitamushika mwengine asiye mupiga sufuria?» Swali hilo ndilo wataalamu wanalojiuliza kila siku. Kuna chembe nyingine, monositi, ambazo nazo zina CD4 kidogo. Ndiyo maana wanatumia kingamwili mbili zenye rangi mbili, moja ya CD3 na moja ya CD4, na wanahesabu chembe yenye zote mbili. Sisi tungesema neno moja halitoshi bila muktadha. Mzee yule hajui kusoma, na alifika moja kwa moja kwenye shida ya msingi ya kipimo. Alifikishwa na maneno aliyoweza kufikiri nayo.

Najua nitakavyojibiwa, na majibu mengine nimeshayapata ukumbini.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya istilahi imeshafanywa na wenzetu, BAKITA na TUKI, na kwamba kutunga mengine ni kuivunja lugha moja vipande. Nawaheshimu, na kamusi zao ndizo nilizobeba. Lakini siombi tuwe na kamusi yetu ya Kongo dhidi ya ya Tanzania. Naomba maneno yaliyopo yapimwe huku pia, kwa masikio ya huku, na matokeo yapelekwe kwao. Paris haikufaulu kwa kuchagua maabara moja iwe mfalme. Ilifaulu kwa kuwa kingamwili za kila mmoja zilipimwa kwa wengine.

Wapo watakaosema kinyume: tuache Kifaransa kifanye kazi yake, kwani hata hizo chupa zina maandishi ya Kiingereza, na mgonjwa anachohitaji ni namba, si nadharia. Kwa miaka mingi namba ilitosha kuamua dawa: ukiwa chini ya 200 unaanza, baadaye 350, baadaye 500. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila mwenye virusi aanze dawa bila kungoja hesabu. CD4 imebaki kwa ajili ya kutambua walio hatarini zaidi. Maana yake ni kwamba leo namba haimfungulii mtu mlango wa dawa kama zamani. Inamwambia kwamba anahitaji kuangaliwa haraka kuliko wengine. Mtu asiyeelewa namba hiyo hataona sababu ya kurudi. Na karatasi ya ridhaa iliyosomwa kwa maneno yasiyoshika kitu si ridhaa. Ni kidole kilichotiwa wino.

Wapo pia watakaouliza: wapiga sufuria, ni lugha ya chuo kikuu hiyo? Nami nawauliza: chembe za damu zinaitwa chembe kwa nini? Mtu fulani aliona punje ndogo akaziita alivyoziona. Fluori ilikuwa jiwe kabla ya kuwa neno la maabara. Lugha ya wataalamu kokote ilianza jikoni, shambani na machimboni, ikavaa viatu baadaye.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, ambayo hayahitaji bajeti kubwa.

Kwanza, katika kozi ya tafsiri na istilahi, kila neno la sayansi tunalofundishwa lipite kanuni ya wawili. Lisomwe kwa watu wawili wasiojuana, mmoja wa maabara na mmoja wa mtaani, kila mmoja aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Wakieleza jambo moja, neno linapita. Wasipokubaliana, liandikiwe w na kazi iendelee.

Pili, tusishindane kutunga majina tu. Kiswahili kina utajiri mkubwa katika vitenzi: shika, shikana, shikamana, nasa, jibu, mulika, ita, itana. Karatasi ya ridhaa haihitaji nomino ishirini mpya. Inahitaji sentensi zinazoeleza nani anafanya nini kwa nini. Jina la kitaalamu lifuate baadaye, kwa anayelihitaji.

Tatu, kazi zetu za mwisho wa masomo ziende maabarani. Tuna rafu zilizojaa kazi kuhusu methali na majina ya watoto, nami sizidharau. Nimezisoma kwa faida. Lakini sijaona hata moja iliyokaa asubuhi moja katika labo, kusikiliza jinsi mtaalamu anavyomwambia mgonjwa kitakachotokea kwa damu yake. Wenzetu wa kitivo cha tiba wako ng'ambo ya ua tu. Mtaalamu mmoja aliniambia kwamba chupa zake zinaharibika kwa vitu viwili, joto na mwanga: lazima zikae baridini, kati ya digrii 2 na 8, gizani, na umeme ukikatika usiku anaamka kuangalia friji. Mtu anayeamka usiku kwa ajili ya kingamwili anastahili mkalimani anayejua kingamwili ni nini.

Kuhusu yule mama, nilimwona tena sokoni, nyuma ya magunia yake. Alinitambua kabla yangu. Nilimsalimu, nikamwomba radhi, nikamweleza habari ya wapiga sufuria nikiwa nimechutama kando ya makala. Alisikiliza hadi mwisho. «Ungesema vile siku ya kwanza,» akasema, na akaniuliza ni siku gani wanachukua damu.

Nilimwambia siku. Kama alikwenda, sijui. Si haki yangu kuuliza. Ila najua kwamba safari hii, kama alikataa, alikataa kitu alichokielewa.